Wimbi Latoka Limuru, Antena Iko Thika

Tarehe 14 Februari 2015 maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, wakiandamana na polisi, walizima mitambo ya analogi ya vituo vya runinga vya Citizen, NTV, KTN na QTV kule Limuru. Vituo hivyo vilipotea hewani kwa karibu wiki tatu, kisha vikarudi kwa dijitali kupitia mtandao ulioundwa na wenye vituo, Africa Digital Network. Kesi ya kuhamia dijitali ilikuwa imepanda kutoka Mahakama Kuu hadi ya Rufaa hadi Mahakama ya Juu, na kiini chake kilikuwa umiliki wa njia ya kusambazia matangazo: Signet ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, kampuni ya Kichina ya Pan African Network Group iliyopewa leseni mwaka 2011, au wenye vituo wenyewe.

Swali hilo lilikuwa zito na lilistahili mahakama. Hata hivyo mtazamaji wa Makongeni mjini Thika au wa Kimbo, Ruiru, alikuwa na swali lake: wimbi likishatoka Limuru, litaifikiaje runinga yake? Kampeni za kuhamia dijitali zilimwambia anunue king'amuzi. Kuhusu antena aliambiwa machache mno, na naamini hapo ndipo kazi iliyofanywa vizuri mnarani ilipoharibikia.

Tuanze na ardhi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nayo Thika na Ruiru ziko kiasi cha mita 1,500. Wimbi linateremka, na hiyo ni neema kubwa. Umbali hadi Ruiru ni kama kilomita 35, hadi Thika unakaribia 50. Antena ya Thika inapaswa kutazama magharibi, ikiinama kidogo kusini. Ya Ruiru magharibi, ikiinama kidogo kaskazini. Anayeielekeza Nairobi kwa sababu studio ziko huko anapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya wimbi, maana studio na mnara ni vitu viwili tofauti. Na anayeishi chini bondeni, karibu na mto Chania au Ndarugu, ana ukingo wa bonde kati yake na mnara. Kwake mlingoti mrefu una faida zaidi kuliko antena ya bei ghali.

Zamani za analogi makosa haya yalisameheka. Wimbi likidhoofika, picha ilijaa chengachenga, sauti ikakwaruza, lakini taarifa ya habari uliifuata hadi mwisho. Dijitali haidhoofiki hivyo. King'amuzi hupokea namba pamoja na namba za ziada za kusahihishia makosa. Makosa yakiwa machache, yote hurekebishwa na picha inakuwa safi kabisa. Yakizidi kiwango, hata kwa kiasi kidogo tu, picha huvunjika vipande vya mraba, huganda, kisha skrini huwa nyeusi. Nyumba iliyokuwa ikipata picha mbaya kwa analogi ikajikuta haina picha kabisa, na lawama ikatupiwa king'amuzi.

Upande mwingine wa hesabu, yaani faida ya dijitali, haukusifiwa vya kutosha. Ruiru ni mji wa maghorofa. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120, na kila jengo jipya la zege ni ukuta wa kurudisha mawimbi. Chukua wimbi lililogonga jengo na kuzunguka kilomita moja zaidi kabla ya kufika: linachelewa mikrosekunde 3.3. Katika analogi, mstari mmoja wa picha huchorwa kwa mikrosekunde 52, kwa hiyo kwenye skrini ya upana wa sentimita 50 ungeona kivuli cha mtangazaji kando yake, sentimita tatu pembeni. DVB-T2, mfumo ambao Kenya iliuchagua baada ya majaribio ya DVB-T yaliyozinduliwa Desemba 2009, hugawa data katika maelfu ya mawimbi membamba, na kila fungu la data, liitwalo alama, hudumu muda mrefu, hadi mikrosekunde 3,584. Mwanzo wa kila alama huachwa upite bila kusomwa, kama msemaji anayengoja mwangwi wa ukumbi ufe ndipo atamke neno linalofuata. Mikrosekunde 3.3 humezwa humo. Teknolojia hii iliufaa mji kama Ruiru kuliko ile iliyoondoka.

Basi kwa nini bado kuna nyumba za Ruiru zinazohangaika? Mara nyingi ni busta, kifaa cha kukuza wimbi. Lengo mojawapo la kuhamia dijitali lilikuwa kuachia simu nafasi: runinga ikabanwa kati ya megahezi 470 na 694, na bendi ya megahezi 800 ikawa ya 4G. Lakini busta nyingi za bei rahisi bado hukuza kila kitu hadi 862. Mnara wa simu ulio mita mia mbili kutoka kwako una nguvu kupita kiasi ukilinganisha na ule wa Limuru. Busta hulemewa na kuchafua hata mawimbi mazuri. Fundi akiongeza busta ya pili hali huwa mbaya zaidi. Dawa ni kichujio cha 4G kabla ya busta, au kuing'oa kabisa.

Na HD je? Wengi waliahidiwa dijitali wakasikia HD. Picha ya kawaida ina nukta 414,720. Ya HD kamili ina 2,073,600, mara tano. DVB-T2 katika nafasi ya megahezi 8 inaweza kubeba hadi megabiti 50 hivi kwa sekunde, na hupungua sana ikipangwa ili ifike mbali. Humo zitaingia chaneli kumi na tano au zaidi za kawaida, ama chache tu za HD. Soko lilichagua wingi. Naona lilikosea kwa chaneli zenye mpira na habari, zilizostahili kupewa nafasi ya kutosha hata kama vituo viwili vitatu vya mahubiri na matangazo ya biashara vingekosa pa kukaa.

Kwa maghorofa ya Ruiru kuna suluhisho linalojulikana: antena moja nzuri juu ya paa, kichujio na busta palepale mlingotini, kisha waya wa koaksi hadi kigawanyi cha kila sakafu. Mpangilio huo una umuhimu. Kugawa njia nane hupoteza zaidi ya desibeli 9, yaani kila nyumba hupata chini ya sehemu moja ya nane ya nguvu, kwa hiyo kukuza lazima kutangulie kugawa. Mwenye jengo anayeweka bomba la nyaya wakati wa ujenzi hutumia fedha kidogo. Anayengoja wapangaji wahamie atatoboa kuta.