Uhalisia wa Chumba Kitupu: Uhakiki wa Sanduku la Cornell katika Usawiri wa Kompyuta

Istilahi ya uhalisia imezoeleka katika uhakiki wa fasihi, ambako msomaji hujiuliza iwapo maisha yanayosawiriwa yanaaminika. Katika taaluma ya michoro ya kompyuta, istilahi hiyohiyo hutumiwa kwa wepesi zaidi. Mtafiti huunda chumba cha pande tatu, hupanga samani na taa, huiachia kompyuta ikokotoe taswira, kisha hutamka kwamba taswira hiyo ni halisi kwa kuwa inapendeza. Sehemu hii inahoji tamko hilo kwa kurejelea kazi moja ambayo haikukusudiwa kupendeza, yaani Sanduku la Cornell. Hoja inayotetewa ni kwamba uhalisia wa chumba cha kompyuta ni dai linalopaswa kupimwa, na kwamba thamani ya sanduku hilo imo katika kupimika kwake, wala si katika kufanana kwake na nyumba ya mtu.

Sanduku hilo lilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1984 na Cindy Goral, Kenneth Torrance, Donald Greenberg na Bennett Battaile wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Miaka minne kabla, yaani 1980, Turner Whitted alikuwa amechapisha mbinu ya kufuatilia miale ambayo ilisawiri vizuri vioo na vitu vinavyopitisha mwanga. Hata hivyo, mbinu hiyo iliacha pengo kubwa kwa mtu anayetaka kusawiri ndani ya chumba. Mwanga unaofika mahali baada ya kugonga ukuta au dari ulikadiriwa kwa kiwango kimoja kisichobadilika, kilichoongezwa kila mahali. Watafiti wa Cornell waliazima kutoka uhandisi wa joto mbinu ya kukokotoa namna nyuso zinavyopeana mionzi, inayoitwa radiositi. Kila uso hugawanywa katika vipande vidogo. Mwanga unaotoka katika kipande kimoja ni ule kinaouzalisha chenyewe, pamoja na ule kinaoupokea kutoka kwa vingine na kuurudisha. Gharama yake si ndogo: chumba chenye vipande 1,000 kina mahusiano 1,000,000 ya kuzingatiwa.

Tunda la hesabu hiyo ni rangi. Katika sanduku la mwanzo ukuta mmoja ulikuwa mwekundu na wa pili buluu, na baina yao palikuwa na nyuso nyeupe. Taswira ilionyesha weupe huo ukigeuka kuwa wa waridi karibu na ukuta mwekundu, na kuwa wa samawati karibu na ule wa buluu. Jambo hili hutokea katika kila chumba tunamokaa, lakini jicho lililolizoea halilitambui. Mbinu zilizotangulia ziliipa sakafu rangi yake na kuishia hapo. Sanduku lilidhihirisha kwamba rangi ya sakafu hutegemea pia majirani zake.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hicho si chumba, kwa maana hakina mlango, kiti wala dalili ya mkaazi. Pingamizi hilo lina ukweli, ila linahitaji kuelekezwa mahali pake. Utupu wa sanduku la 1984 haukuwa uamuzi wa kisanaa. Hesabu yake haikushughulikia kitu kinachokingama kati ya kipande na kipande. Ni mwaka 1985 ndipo Michael Cohen na Greenberg walipotoa njia ya kulitatua tatizo hilo, na vitu vikaweza kuwekwa ndani. Zaidi ya hayo, nyuso zote zilichukuliwa kuwa zinatawanya mwanga sawasawa kila upande, hivyo kioo, sahani ya kaure au mbao iliyopigwa vanishi havikuwa na nafasi. Mlinganyo wa jumla uliotolewa na James Kajiya mwaka 1986 ndio uliozikusanya mbinu hizi mbili chini ya nadharia moja.

Mwaka huohuo wa 1986, Gary Meyer, Holly Rushmeier, Cohen, Greenberg na Torrance walichapisha jaribio linalostahili kusomwa kwa makini. Sanduku la kweli liliwekwa sambamba na taswira yake ya kompyuta, na watazamaji wakaulizwa lipi ni la kweli. Majibu yao hayakuwa bora kuliko ya kubahatisha. Matokeo haya yanaweza kufasiriwa kama ushindi kamili wa kompyuta, lakini tafsiri hiyo inapita mipaka ya ushahidi. Watazamaji hawakuingia chumbani. Waliviona vyote viwili kupitia kioo cha kamera, wakiwa mahali pamoja pasipobadilika. Kilichothibitishwa ni kwamba, katika masharti hayo, mwanga wa kitu kile ulikokotolewa kwa usahihi unaotosha jicho.

Aidha, skrini yenyewe ni mpaka. Chumba chenye dirisha wakati wa jua kina tofauti kubwa kati ya mwanga na kivuli kuliko ile ambayo skrini ya kawaida inaweza kuitoa. Jack Tumblin na Rushmeier walilijadili tatizo hili mwaka 1993. Kwa hiyo, hata hesabu iliyo sahihi kabisa hulazimika kufinyangwa ili ionekane, na anayefinyanga hufanya uteuzi kama afanyavyo mwandishi wa riwaya.

Kutokana na uhakiki huu, tasnifu inayodai kusawiri chumba kihalisia inawajibika kujibu maswali matatu: ni kitu gani kilichopimwa, taswira ililinganishwa na chumba gani, na nani alitazama katika masharti yapi. Sanduku la Cornell, pamoja na ufukara wake, linayajibu yote. Vipimo vilivyotolewa baadaye, wakati ukuta wa buluu ulipokuwa umebadilishwa kuwa wa kijani, vinaeleza pande za takriban sentimita 55 na uakisi wa kuta kutoka nanometa 400 hadi 700, ili yeyote aweze kulijenga upya na kuwakosoa wenyewe. Sebule iliyojaa mazulia na maua, isiyo na kipimo hata kimoja, inaweza kumvutia mtahini. Lakini haimpi njia ya kuikanusha, na dai lisilokanushika halina budi kuhesabiwa kuwa pambo.