SWMM haina kosa, mchanga tumeuficha sisi

Kama umewahi kufungua tasnifu ya mafuriko ya Dar es Salaam, jina SWMM si geni kwako. Ni programu ya bure ya Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani, ipo tangu 1971. Unaipa mvua, mteremko na vipimo vya mitaro, inakuambia maji yatafurika wapi na saa ngapi. Inakokotoa hata vizingiti, zile kuta fupi ambazo maji yakizidi kwenye bomba la maji taka yanapita juu yake kwenda mtoni. Kina juu ya kizingiti kikiongezeka mara 2, yanayomwagika yanaongezeka karibu mara 2.8.

Hapo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni vipimo tunavyoilisha.

Chukua mtaro wa pembe nne, upana mita 1, kina mita 1. Ujaze mchanga hadi nusu. Utasema umebaki na nusu ya uwezo, sivyo? Piga hesabu ya Manning: umebaki na kama asilimia 41. Nafasi imepungua nusu, ila sakafu inayosugua maji ni ileile. Na mifuko ya plastiki bado hatujaigusa! Ukiiandikia SWMM vipimo vya mchoro wa mkandarasi, itakuamini.

Ndiyo maana naipa Ramani Huria alama nyingi. Kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar walipita mtaa kwa mtaa wakiingiza mitaro kwenye OpenStreetMap. Udhaifu wake: mtaro uliopimwa kiangazi siyo mtaro wa Aprili.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 Dar, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mstari wa modeli ukikosea mita chache, kuna mtu anahamishwa bure, au anaachwa alale penye maji.

Wewe wa Malolo, Ruangwa, utasema hayo ni ya Dar, huku tuna mtaro wa barabara na kalavati tu. Sawa, lakini kalavati likiziba, barabara yenyewe inageuka kizingiti, na upande wa kumwagia hakuna aliyeupanga. Mvua zenu ni msimu mmoja, kwa hiyo kazi ni rahisi: pima kina cha mchanga Oktoba, pima tena Februari, weka alama ukutani maji yalipofika. Nikiwekewa ramani ya rangi mezani, namba hizo ndizo nitakazouliza kwanza.