Pati Ilikuwa ya Nani?

Niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo nimeingia vyumba vingi vyenye sheria ambazo hakuna anayezisema. Uzinduzi wa kitabu, kwa mfano: watu wameshika glasi za mvinyo, wanacheka kwa zamu, na mimi sijui nisimame wapi wala mikono niiweke wapi.

Ndiyo maana nawaelewa wanaovionea hamu vile vitabu vya adabu vya vijana wa Marekani wa miaka ya 1950. Vilikuambia kila kitu waziwazi. Umwalike nani, umtambulishe mgeni vipi, pati ikiisha umshukuru nani.

Hamu hiyo ilipata kitabu chake 2014: Popular, cha Maya Van Wagenen. Akiwa darasa la nane huko Brownsville, Texas, mji wa mpakani na Mexico, alichukua mwongozo wa vijana wa mwaka 1951 ulioandikwa na Betty Cornell, aliyekuwa mwanamitindo akiwa kijana, akaufuata mwezi baada ya mwezi. Akavaa lulu. Akajibana na mkanda wa tumbo. Yaani, fikiria hiyo kwa basi la shule! Kitabu kinachekesha na kina roho, lakini sehemu yake bora haina vipodozi. Ni pale anapoanza kuhama meza hadi meza kwenye ukumbi wa chakula, akikaa na wanafunzi ambao hakuwa anaongea nao. Hapo ushauri wa zamani unafanya kazi kweli.

Meza hizo ndizo zimenisumbua. Mwongozo wa Cornell ulipotoka, kusini mwa Marekani sheria ndiyo ilipanga nani akae wapi. Mahakama ya Juu ilikuja kukataa utenganishaji wa rangi shuleni 1954. Msichana Mweusi angeweza kukariri kila ukurasa, anyooke mgongo, atabasamu, na bado asihudumiwe. Wanaosema siku hizo vijana walikuwa na heshima huwa hawafiki hapa.

Kama ni kutamani, kuna kitabu kingine. Mwaka 1941 Charlotte Hawkins Brown, mwanamke Mweusi aliyeanzisha Palmer Memorial Institute huko Sedalia, North Carolina, alichapisha The Correct Thing to Do, to Say, to Wear. Ukikitazama juu juu utasema ni dada mkubwa wa kile cha Cornell: cha kufanya, cha kusema, cha kuvaa. Ila kwa Brown adabu ni ngao. Kosa dogo la mwanafunzi wake lingehesabiwa kwa watu wake wote.

Nakiheshimu, na pia kinanikasirisha. Kwa nini anayedhulumiwa ndiye aambiwe aongeze adabu? Wasee, hii si tunaijua? Kila mahojiano ya kazi kuna mtu wa kukushauri uache Sheng mlangoni.

Februari 1, 1960, mjini Greensboro, jirani na Sedalia, wanafunzi wanne Weusi wa chuo waliingia duka la Woolworth. Walinunua vitu vidogo, wakalipa, kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu na kuagiza kahawa. Kahawa haikuja. Wakakaa hadi duka likafungwa, na kesho yake wakarudi na wenzao.