Ramani ya Ngorongoro na Sentensi Moja ya Mchangiaji

Kuna watakaosema ramani si fasihi. Sawa. Lakini OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni andiko lenye waandishi wengi kuliko kitabu chochote nilichowahi kushika, na kila mmoja ameacha alama ya mkono wake. Inachangiwa vilevile kama programu huria: unabadilisha kitu, unaandika sentensi ya kueleza ulichofanya, na toleo la zamani linabaki kwenye kumbukumbu. Basi tuisome kama tunavyosoma maandiko mengine, tukianzia Karatu.

Fuata barabara kutoka Karatu mjini hadi lango la Lodoare, utawajua mara moja wahusika wakuu. Hoteli na loji zina majina. Ukivuka lango, kambi za watalii nazo zina majina. Maboma ya Wamasai, mengi ni viduara tu, bubu. Sidhani kuna aliyekusudia. Sehemu kubwa ya vijiji vya Tanzania imechorwa na watu wa mbali wakitazama picha za setilaiti, kupitia juhudi kama Crowd2Map iliyoanza 2015, na setilaiti huona bati na nyasi. Haisikii watu wanapaitaje. Jina lazima litoke kwa mwenyeji.

Na sikio la mgeni tunalijua, jamani. Mwaka 1911 Mjerumani Kattwinkel alifika pale korongoni, akaondoka na "Olduvai", wakati Wamasai hutamka oldupai, yaani mkonge pori. Kosa hilo likazunguka dunia nzima vitabuni. Hapa OpenStreetMap inakishinda kitabu: ina nafasi ya jina kuu, jina jingine na jina la zamani, yote yakakaa pamoja bila kugombana. Hii naipenda sana.

Kinachonisumbua ni kanuni yake kuu: andika kilichopo ardhini. Kwa Karatu haina shida. Ngorongoro je? Tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, Handeni; serikali inasema ni kwa hiari, wakazi wengine wanapinga. Agosti 2024 tangazo la serikali liliziondoa kata 11 pamoja na vijiji vyake kwenye orodha, na mwezi huohuo Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha. Sasa fikiria boma limebomolewa. Mchangiaji mwaminifu atalifuta, na atakuwa hajavunja kanuni yoyote. Kwenye kumbukumbu utabaki mchoro wa zamani, tarehe, na jina la aliyefuta. Sababu haibaki popote, isipokuwa kwenye ile sentensi yake. Na sentensi hiyo, kusema kweli, wengi huiandika kivivu: wamesasisha majengo, basi.

Ndiyo maana naona udhaifu wa andiko hili ni wa uandishi kuliko wa ufundi. Wachoraji wanao, tena hodari. Wanaokosekana ni watu wa kuandika nani alikaa hapa, palikuwa panaitwaje, waliondoka lini na kwa nini. Mfumo unaruhusu herufi 255 kwa kila badiliko. Zinatosha jina la boma, jina la mahali pa kunyweshea ng'ombe, na mwaka.