Nusu ya Pili ya Safari

Miongoni mwa vitabu vya Kikristo ambavyo msomaji wa Kiswahili hupewa ili vimjenge kiroho, ni vichache vilivyodumu kama kile cha Mwingereza John Bunyan, ambacho wengi wetu twakijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Mtaalamu Isabel Hofmeyr wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameonyesha kwamba kimefasiriwa katika lugha zipatazo 80 za Afrika. Kimesomwa darasani, kimesomwa kanisani, kimesomwa na wagonjwa vitandani mwao. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba wengi wanaojihesabu kuwa wamekisoma wamesoma nusu yake tu.

Kitabu hiki kina sehemu mbili. Ya kwanza ilichapishwa mwaka 1678, nayo ni habari ya mtu aitwaye Mkristo, aliyetoka katika Mji wa Uharibifu na mzigo mgongoni, akaelekea Mji wa Mbinguni. Ya pili ilichapishwa mwaka 1684, nayo ni habari ya mkewe, Kristiana, na watoto wao wanne wa kiume, walioifuata njia ile ile baadaye. Matoleo mengi yaliyofupishwa kwa ajili ya vijana huishia pale Mkristo avukapo mto. Mwalimu hufunga kitabu, wanafunzi huulizwa maana ya mzigo, na mke na watoto huachwa mjini mwao milele.

Kwa mwanafunzi aliyesoma Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, fani ya Bunyan si ngeni. Huko alimwona Majivuno akimshitaki Karama, akatambua kwamba jina la mtu ni tabia yake iliyovikwa kanzu. Hatusemi kwamba mmoja amemwiga mwenzake. Twasema tu kwamba mlango ni wa namna moja. Majina ya Bunyan tutayatumia hapa kwa Kiswahili chetu wenyewe, maana fasiri hazikubaliani.

Basi tuanze na tendo ambalo limetusumbua kwa miaka mingi. Mkristo aondokapo, mkewe na watoto wanamlilia arudi, naye anatia vidole masikioni na kukimbia pasipo kugeuka. Tumesikia mahubiri yakimsifu kwa hilo. Tumesoma pia hukumu za wahakiki wakali wanaosema kwamba hii ndiyo dini iliyoletwa kwetu, dini ya mtu mmoja na roho yake moja, isiyojali ukoo wala jamaa. Pande zote mbili zimesoma kwa haraka.

Yafaa tumjue aliyeandika. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 huko Elstow, karibu na Bedford, na kazi yake ilikuwa kutengeneza masufuria na vyombo vya chuma vilivyotoboka. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri nje ya kanisa la serikali, akakaa kifungoni miaka 12. Angaliahidi kutohubiri tena angalifunguliwa, lakini hakuahidi. Nyumbani aliacha watoto wanne, binti yake mkubwa akiwa kipofu, na mke kijana, Elizabeth, ambaye kwa mshituko wa habari ile alijifungua kabla ya wakati na mtoto akafa. Mwaka 1661 mwanamke huyo alisimama mbele ya majaji akimtetea mumewe, asisikilizwe. Bunyan alisuka kamba za viatu gerezani ili jamaa wapate chakula, na katika kitabu chake cha mwaka 1666 aliungama jinsi alivyoumia kwa ajili ya yule binti kipofu.

Kwa hiyo vidole vile masikioni havikubuniwa na mtu asiyejua kilio cha mtoto; mwandishi alikuwa amekisikia kilio hicho mlangoni pake. Ndiyo maana hakumwacha Mkristo apite hivi hivi. Katika Jumba Zuri, baada ya mzigo kwisha kuanguka, mwanamwali aitwaye Upendo anamwuliza: una mke na watoto, mbona hukuja nao? Mkristo analia. Anajieleza kwamba aliwasihi wakakataa, naye Upendo anauliza zaidi: je, uliwaombea? Je, mwenendo wako haukuyabatilisha maneno yako? Mwisho anaridhika na majibu. Sisi hatukuridhika sana, na twaamini Bunyan mwenyewe hakuridhika, maana miaka sita baadaye alirudi kumchukua yule mama.

Hapa na tuseme jambo la nyumbani mwetu. Mwaka tuliofiwa na mtoto, sisi tuandikao tulishika sana ibada. Kila jioni tulitoka kazini tukaenda katika mikutano ya maombi, tukarudi usiku, tukamkuta mwenzetu ameketi jikoni na taa haijawashwa. Jamaa mmoja alitupa kijitabu chenye hatua za kuponya moyo, zimepangwa kwa nambari. Tulikisoma, tukajiona tumepanda ngazi kadhaa. Mwenzetu alichukua rafuni Bunyan yetu ya zamani, yenye sehemu zote mbili, akasoma kimya kwa majuma mawili. Kisha akatuuliza swali moja tu: “Na yule mke, wakati mumewe yuko njiani, nani alikuwa akikaa naye?” Hatukuwa na jibu. Kesho yake hatukwenda mkutanoni.

Tangu hapo tumekuwa tukisoma sehemu ya pili kwa jicho jingine. Kristiana haanzi safari kwa kukimbia. Anaanza kwa kukumbuka jinsi alivyomfanyia mumewe ukali. Anawakusanya watoto, anawaambia kosa lake wazi, nao wanalia pamoja. Jirani yao kijana, Rehema, anaandamana nao hali hana hata barua ya mwaliko. Njia ni ile ile, lakini imebadilika kwa sababu wapitao ni wengi. Bonde la Unyenyekevu, ambamo Mkristo alipigana na joka peke yake, kwao ni shamba lenye rutuba na mtoto mchungaji akiimba. Mwana mkubwa, Mathayo, anaumwa tumbo kwa kula matunda ya shamba la adui, na safari nzima inasimama mpaka mganga ampe dawa.

Tazama pia namna huzuni inavyotendewa. Katika sehemu ya kwanza Mkristo na mwenzake Tumaini wanatiwa katika Ngome ya Mashaka, mali ya Jitu Kukata-Tamaa, tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, pasipo mkate, maji wala nuru. Jitu linawashauri wajiue. Wanatoka kwa ufunguo uitwao Ahadi, ambao Mkristo alikuwa nao kifuani wakati wote. Wahubiri wengi huushika ufunguo huo na kumpigia mwenye majonzi: mbona hukuutumia mapema? Wanasahau kwamba kabla ya ufunguo kulikuwa na siku kadhaa za rafiki aketiye gizani pamoja naye, akizungumza naye ili asijidhuru.

Sehemu ya pili inakwenda mbele zaidi. Yumo mtu aitwaye Mwoga, ambaye habari zake husimuliwa na kiongozi wao, Moyo-Mkuu. Alilala kando ya Tope la Huzuni zaidi ya mwezi mzima. Alifika mlangoni akasimama nje akitetemeka, mpaka kiongozi akatoka kumwita. Hakuna amkemeaye. Alipofika mtoni siku ya mwisho, maji yalikuwa yamepungua kuliko wakati wowote. Katika maandishi yote ya uponyaji wa moyo tuliyopata kuyasoma, machache yamemstahi mnyonge kiasi hiki.

Hatusemi kwamba sehemu ya pili ndiyo bora kwa ufundi. Ya kwanza imekazwa kama kamba. Ya pili imelegea. Watoto huulizwa maswali ya katekisimu kurasa nzima, na vitendawili vinaletwa mezani hata msomaji akachoka. Moyo-Mkuu anapigana na majitu yote, na Kristiana, aliyeanza kwa uamuzi wake mwenyewe, mara nyingi hubaki mtazamaji. Hata jina lake limechongwa kutoka jina la mumewe. Mwalimu asiwafiche wanafunzi kasoro hizo.

Lakini awasomee, walau mara moja, ile sura ambamo Jitu Kukata-Tamaa linauawa na ngome yake kubomolewa. Ndani wanakutwa mzee mmoja na binti yake, Hofu-Nyingi, karibu kufa kwa njaa. Wanalishwa. Kisha Kristiana anashika ala yake ya muziki, Rehema anashika yake, na mtu mmoja kiwete katika msafara anamshika mkono Hofu-Nyingi wakacheza njiani. Bunyan hakusahau kutuambia kwamba yule mtu hakuweza kucheza bila gongo lake moja mkononi.