Seli zenye alama

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamebeba virusi vya Epstein-Barr, na wengi wao hawajui. Afrika Mashariki watoto huvipata mapema sana, kwa kawaida kupitia mate. Vikishaingia havitoki tena: hujificha ndani ya seli B za damu, na seli T za kinga huzichunga maisha yote. Mgonjwa wa leukemia anayepandikiziwa uloto wa mtu mwingine hupoteza uchungaji huo kwa miezi kadhaa. Ndipo seli B zenye virusi huanza kuzaana ovyo, na mtu aliyekwepa saratani moja akakutwa na nyingine, limfoma.

Mwaka 1994 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walieleza njia ya mkato ya kuurudisha uchungaji huo. Walichukua chembe nyeupe za watu waliotoa uloto na kuwatia wagonjwa watano, jinsi zilivyo. Limfoma ilirudi nyuma kwa wote watano. Wawili kati yao, hata hivyo, walifariki kwa kushindwa kupumua. Chembe zisizochaguliwa huwa na seli T za kila namna, zikiwamo zinazoiona ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa kuwa vitu vigeni vya kushambuliwa.

Huko St. Jude, Memphis, Cliona Rooney, Helen Heslop na Malcolm Brenner walichagua njia ndefu, na matokeo yao ya kwanza, kwa wagonjwa 10, yakatoka mwaka 1995. Damu ya mchangiaji iligawanywa mafungu mawili. Seli B za fungu la kwanza ziliambukizwa kwa makusudi virusi vya Epstein-Barr vya maabara, zikageuka kuwa ukoo usiokoma kuzaana, wenye vipande vya protini za virusi juu ya utando wake. Hatua hiyo pekee hula wiki nne hadi sita. Kisha ukoo huo ulipigwa mionzi usiweze kuzaana tena, ukachanganywa na seli T za fungu la pili, takriban 40 kwa kila seli B moja. Seli T zinazovitambua virusi huchangamka na kugawanyika; zisizovitambua huishia kufa chupani. Seli B nyingine zilizopigwa mionzi huongezwa kila wiki, pamoja na interlukini-2, protini inayozichochea seli T ziongezeke.

Kabla ya kufika kitandani kwa mgonjwa kuna mtihani. Seli za kulengwa hujazwa kromiamu yenye mnururisho, kisha seli T zikaachiwa. Seli ikitobolewa, kromiamu humwagika nje na mashine huihesabu. Seli T zinazofaulu ni zile zinazoua seli zenye virusi na kuziacha salama seli za kawaida za mgonjwa.

Lakini hatua inayostahili sifa kuliko zote haikumtibu mtu yeyote. Watafiti walitumia retrovirusi kupachika ndani ya seli T jeni iitwayo neo, inayotokana na bakteria, ambayo binadamu hana. Bila alama hiyo, mgonjwa akipona, mbishi angeweza kudai kwamba kinga yake iliamka yenyewe. Kwa alama hiyo, damu ilipimwa na jeni ikaonekana. Dozi iliyokuja kuzoeleka ilikuwa seli milioni 20 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Ukizikusanya pamoja hazifiki tone moja la maji, ila zikishaingia mwilini na kukutana na virusi huongezeka zenyewe.

Hesabu kubwa ya kundi la Rooney, Heslop na Brenner ilitoka mwaka 2010, ikiwa na wagonjwa 114. Kati ya 101 waliopewa seli kama kinga, hakuna hata mmoja aliyepata limfoma ya virusi hivyo. Kati ya 13 waliokuwa tayari wanaugua, 11 walipona na ugonjwa haukurudi. Seli zenye alama zilikutwa hai hadi miaka tisa baadaye, jambo ambalo hakuna dawa ya kidonge inayoweza kulifanya.

Walioshindwa nao wana la kufundisha. Mwaka 2001 kundi hilo lilieleza habari za mgonjwa aliyefariki ingawa alipewa seli zilizofaulu vipimo. Sehemu kubwa ya seli hizo ilikuwa ikitazama vipande viwili tu vya protini moja, EBNA3B, na virusi vilivyokuwa ndani ya uvimbe wake vilikuwa vimepoteza sehemu hiyo ya jeni. Virusi vya maabara vilivyozifunza vilikuwa nayo.

Limfoma ya Burkitt hukwepa kwa namna yake. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na sampuli zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London ndizo zilizowezesha virusi hivi kugunduliwa mwaka 1964. Seli za uvimbe huo huzima karibu protini zote za virusi na kubakiza EBNA1, ambayo seli T huiona kwa shida. Hivyo watoto wenye ugonjwa ulioifungua njia hii yote bado hutegemea dawa za kemikali.

Tatizo la muda mrefu wa kutengeneza seli lilishughulikiwa Scotland. Tanzina Haque na Dorothy Crawford walitengeneza seli mapema kutoka kwa wachangia damu, wakazigandisha katika benki. Mwaka 2007 waliripoti wagonjwa 33: miezi sita baada ya matibabu, asilimia 52 walikuwa wameitikia. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha tabelekleuseli, dawa iliyojengwa juu ya wazo hilohilo. Seli za mtu baki hazikai mwilini miaka tisa, kwa hiyo dozi hurudiwa. Benki ina faida nyingine ambayo maabara ya mchangiaji mmoja haikuwa nayo: fungu la kwanza lisipofanya kazi, daktari anaweza kuagiza la mchangiaji mwingine, ambaye seli zake huviona virusi kupitia aina tofauti ya HLA, molekuli za juu ya seli zinazozionyesha seli T vipande vya virusi, na hivyo kwa vipande vingine vya protini.