Waya wa Tatu Haukupaswa Kuachwa Chini

Kila aliyefuatilia umeme wa vijijini ukipanda milima ya Usambara na kusambaa tambarare za Handeni anazijua hatua zake: wapimaji hupita na vigingi, nguzo husimikwa, vikombe vya kuhami nyaya hufungwa, nyaya huvutwa, transfoma hupandishwa, kisha viongozi huja kuwasha. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa imefanywa vizuri, na bei ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000 ni jambo la kujivunia. Safu hii haina ugomvi na hayo. Ugomvi wake ni na uamuzi mmoja uliofanywa mezani kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa: kwamba tawi linalochepuka kutoka njia kuu kuingia kijijini livutwe kwa nyaya mbili badala ya tatu. Uamuzi huo ulifanyika katika vijiji vingi nchini Tanzania, wabunge wameulalamikia Dodoma kwa miaka, na hadi leo unatetewa kwa hoja ya gharama. Ulikuwa uamuzi mbaya siku ulipofanywa, na ubaya wake ulikuwa unahesabika siku hiyo hiyo kwa kalamu na karatasi.

Tuutazame polepole, maana hapa ndipo kazi nzuri ilipoharibika. Mkandarasi yuko kwenye njia kuu ya kilovolti 33. Juu ya nguzo kuna nyaya tatu, nyekundu, manjano na buluu kama tunavyoziita ingawa zote ni alumini tupu, na umeme wa kila moja umepishana na wa mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haipo, msongo huu kwetu hutembea na nyaya tatu tu. Anapochepusha tawi anachukua mbili, tuseme nyekundu na manjano, na buluu anaiacha iendelee na safari yake. Njia ya kufyekwa ni ile ile. Nguzo ni karibu zile zile. Mashimo, lori kwenye barabara ya mlimani, posho za mafundi na usimamizi havipungui. Alichookoa ni waya mmoja kwa urefu wa tawi, kikombe kimoja kwa kila nguzo, na tofauti ya bei ya transfoma. Sasa tazama alichotoa. Nyaya mbili zikibeba ampea fulani hupitisha nguvu sawa na volti mara ampea. Ukiongeza waya wa tatu wenye ampea zile zile, nguvu inakuwa mara 1.73. Yaani umeongeza nusu ya waya uliokuwa nao, na uwezo wa njia umepanda kwa asilimia 73, juu ya nguzo ambazo tayari umezilipia. Mhandisi anayeikataa biashara hiyo anapaswa kueleza sababu zake kwa maandishi.

Lakini uwezo si hasara kubwa kuliko zote, kwa kuwa taa na simu hazili umeme mwingi. Hasara kubwa ni kwamba pamoja na waya ule umeachwa chini mzunguko wenyewe. Nyaya tatu zinapoingia kwenye mota, koili tatu zilizopangwa duara hupokea kilele cha umeme kwa zamu, moja baada ya nyingine, na usumaku unaozaliwa ndani unazunguka wenyewe. Kwa mota ya ncha nne kwenye umeme wetu wa hezi 50, usumaku huo huzunguka mara 1,500 kwa dakika na rota huufuata nyuma kidogo, kama mara 1,450. Nguvu inayoingia ni tulivu muda wote. Kwa umeme wa njia moja, yaani wa nyaya mbili badala ya njia tatu, nguvu inashuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na usumaku unakwenda na kurudi bila kuwa na upande. Mota iliyosimama hunguruma tu, mpaka isaidiwe na koili ya kuanzia na kapasita, kifaa ambacho mafundi wa vijijini wanakijua kwa kukibadilisha.

Fungua kisanduku cha nyaya cha mota ya nguvu-farasi 20, ile inayofungwa kwenye mashine ya kusaga dona na sembe. Ndani kuna skrubu sita katika safu mbili za tatu tatu, na vipande vya shaba vya kuziunganisha. Ukivilaza upande mmoja koili zinaungana kwa nyota. Ukivisimamisha zinaungana kwa delta. Fundi akifunga stata ya sta-delta, mota huanza kwa nyota ikivuta theluthi moja tu ya umeme ambao ingevuta kwa kuanza moja kwa moja kwenye delta, kisha ikishashika kasi inahamia delta. Mashine ikizunguka kinyume, anabadilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu na inazunguka sawa. Ufundi huo rahisi na imara, unaoeleweka kwa mtu aliyesoma VETA, hauna pa kushika pale ambapo transfoma ya kijiji ina njia moja.

Sasa hesabu ambayo ilipaswa kufanywa mezani. Nguvu-farasi 20 ni karibu kilowati 15. Kwa njia tatu, volti 400 kati ya waya na waya, au fezi na fezi, mota hiyo huvuta kama ampea 29 kwa kila waya. Kwa njia moja ya volti 230, nguvu ile ile inahitaji kama ampea 87, na wakati wa kuanza ni mara tano au zaidi ya hapo. Weka mashine mita 400 kutoka kwenye transfoma, umbali wa kawaida kabisa katika kijiji cha mlimani kama Mpale, wilayani Korogwe, ambako nyumba hufuata mgongo wa kilima. Tumia waya wa alumini wa milimita za mraba 50, wenye ukinzani wa omu 0.641 kwa kilometa. Kwa njia tatu zenye mzigo sawa, kila fezi inapoteza kama volti 7 njiani. Kwa njia moja umeme unakwenda na kurudi na ampea zake ni mara tatu, kwa hiyo zinapotea kama volti 45, na mashine inapokea volti 185. Nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata volti kwa kipeo cha pili, hivyo theluthi nzima ya nguvu hiyo imekwisha kabla punje ya kwanza haijaingia kwenye mashine, na tarakimu hizi ni za mota iliyokwisha kushika kasi. Wakati wa kuanza, taa za jirani huzimika. Upotevu wa umeme ndani ya waya ni mara sita kwa kazi ile ile. Ndiyo maana msagishaji anabaki na injini yake ya dizeli chini ya nguzo ya umeme, na mama anayebeba debe la mahindi analipa bei ya mafuta.

Kinachouma ni kwamba Korogwe ni wilaya ya kuzalisha umeme. Kituo cha umeme wa maji cha Hale, chenye mitambo miwili na megawati 21, kimo ndani ya wilaya hiyo tangu 1964, na New Pangani Falls yenye megawati 68 ilifuata katika miaka ya 1990. Majenereta hayo yote ni ya njia tatu. Nyuma zaidi, katika miaka ya 1930, waliojenga kituo cha kwanza cha maporomoko ya Pangani walikuwa wakipeleka umeme Tanga na kwenye mashamba ya mkonge, na hawakuuliza kama mteja anahitaji taa tu. Walijua kuna korona, mashine za kuchakata mkonge, za kuzungushwa. Shabaha yao ilikuwa faida ya walowezi na si ya Mshambaa wala Mzigua, hilo halifichiki. Lakini kiufundi walianza na mota, kisha taa zikapata nafuu. Mwaka 1891 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky wa AEG na Charles Brown wa Oerlikon waliposafirisha umeme wa njia tatu karibu kilometa 175 kutoka Lauffen hadi maonyesho ya Frankfurt, waliwasha taa kama elfu moja, na kwa laini hiyo hiyo wakaendesha mota iliyosukuma maji ya maporomoko ya kutengenezwa. Taa na mota vilionekana pamoja kwenye laini ya kwanza kabisa ya aina yake duniani. Zaidi ya miaka 120 baadaye, sisi tumevitenganisha kwa hiari.

Wanaotetea nyaya mbili wana hoja, na ya kwanza ina uzito: fedha ikiwa haitoshi, nyaya mbili zinafika vijiji vingi zaidi. Mfano wao bora ni Tunisia, ambayo tangu miaka ya 1970 ilisambaza umeme vijijini kwa matawi ya njia moja na ikafanikiwa sana. Mfano huo ni mzuri, ila usomwe wote. Tunisia ilijenga upya fikra ya gridi yake: shina likabaki njia tatu, nyutro ikatembezwa kama waya wa nne, na matawi ya njia moja yakawa sehemu ya mfumo uliopangwa na kuoanishwa na mizigo ya wakulima. Sisi tulichukua akiba ya mfumo ule bila kuchukua mfumo wenyewe. Mfumo wa waya mmoja unaorudisha umeme kupitia ardhini, uliobuniwa New Zealand katika miaka ya 1920 nao ulikuwa jibu kwa mashamba yaliyotawanyika mbali mbali, nyumba moja kila baada ya kilometa kadhaa. Kata ya Korogwe yenye shule, zahanati, pampu ya maji na mashine za kusaga ni mzigo wa aina nyingine kabisa.

Hoja ya pili husema tawi linaweza kuongezwa waya baadaye. Linaweza, na hapo ndipo akiba inapoyeyuka. Lori linapanda mlima mara ya pili, umeme unakatwa kwa wateja waliokwisha kuunganishwa, mikono ya nguzo inabadilishwa, transfoma ya njia moja inashushwa, na nyaya za msongo mdogo zinazopita mbele ya nyumba, zilizofungwa kwa ajili ya njia moja, nazo zinabadilishwa. Waya wa tatu ulikuwa nyongeza ndogo siku ya kwanza. Siku ya pili ni mradi mzima wenye zabuni yake.

Halafu wapo wanaosema teknolojia imetatua jambo hili, kwamba kuna vifaa vya kielektroniki vinavyopokea njia moja na kutoa njia tatu. Vipo, na kwa mota ya kilowati mbili au tatu vinafaa sana, hasa kwa pampu. Lakini kifaa hicho kinakaa upande wa mteja. Zile kilowati 15 bado zinapita kwenye nyaya mbili kutoka kwenye transfoma, ampea bado ni nyingi, volti bado zinaanguka. Kinasaidia mwanzo wa mota usiwe mkali, na mteja ndiye anayekinunua kwa fedha yake, kufidia waya ambao haukuvutwa.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kijijini kabisa. Matawi ya nyaya mbili yasipogawanywa sawa kati ya fezi tatu za njia kuu, volti za shina zinapishana. Kanuni ya wahandisi wa mota ni kwamba ongezeko la joto kwa asilimia ni karibu mara mbili ya kipeo cha pili cha asilimia ya tofauti hiyo. Tofauti ya asilimia 3.5 inaleta joto zaidi la karibu asilimia 25. Kwa hiyo kiwanda cha Segera au pampu ya maji ya Handeni iliyo kwenye shina inaweza kuunguza koili kwa sababu ya uamuzi uliofanywa kwenye tawi la mtu mwingine. Hesabu za mafanikio haziyaonyeshi hayo, na safu hii imekuwa ikilia muda mrefu na desturi ya kupima mafanikio kwa idadi ya vijiji vilivyofikiwa. Kijiji kinachohesabiwa kimefikiwa wakati mashine haizunguki kimehesabiwa kwa kipimo cha taa.

Mpale inafaa kutazamwa hapa kwa sababu imewahi pia kuwa na gridi ndogo ya jua ya takriban kilowati 48. Katika mfumo wa ukubwa huo, mashine moja ya nguvu-farasi 20 inakula karibu theluthi ya uwezo wote inapozunguka tu, bila kuhesabu kuanza. Ndiyo maana mpangaji wa gridi ndogo hulazimika kujiuliza mapema nani atasaga, saa ngapi, na kwa stata ya aina gani. Mtandao wa taifa, wenye megawati nyuma yake, ulikuwa na nafasi ya kutoliona tatizo hilo kabisa, na ukalitengeneza wenyewe kwa kuacha waya mmoja.

Zabuni zijazo za matawi ya kilovolti 33 ziandike nyaya tatu kuwa ndilo sharti la kawaida, na anayetaka mbili ndiye alete hesabu ya kushuka kwa volti kwa mashine kubwa kuliko zote kijijini. Na kwa matawi yaliyokwisha kujengwa, foleni ya kuongezewa waya ianze na vijiji ambako injini za dizeli za kusaga bado zinanguruma chini ya nguzo. Orodha yake kila mtendaji wa kijiji anayo.